Baba amefariki, na sasa sijui maisha ninayoishi ni ya nani

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamke wa miaka 43, mhasibu, nina mume na watoto wawili, wa kiume ana miaka 14 na binti ana miaka 9. Kwa wazazi wangu ni kifungua mimba, nyuma yangu wako wadogo zangu wanne. Nakuandikia saa tisa usiku kwa sababu siku hizi huo ndio muda ninaoamka, na sitaki tena kumwamsha mwenzangu kwa maswali ambayo hata mimi mwenyewe siyaelewi.

Baba yangu alifariki miezi minane iliyopita. Aliugua muda mrefu na mimi ndiye niliyekuwa namuuguza zaidi. (Nilipopigiwa simu, kitu cha kwanza nilichohisi hakikuwa huzuni, kilikuwa wepesi. Huzuni ilikuja baadaye. Tuyaache hayo.)

Wiki tatu zilizopita nilipewa barua kazini: wananitaka niwe mhasibu mkuu. Nilitoka nayo hadi kwenye ngazi, nikatoa simu nimpigie Baba. Namba yake sijaifuta. Kidole kilikuwa kimeshafika juu ya jina lake ndipo nikakumbuka. Nikabaki nimesimama pale ngazini, Shangazi, na badala ya kulia nikajiuliza swali ambalo halijaniacha: kama Baba hayupo wa kuambiwa, cheo hiki nakitakia nini?

Tangu hapo ni kama nimevuta uzi mmoja na shuka zima limeanza kufumuka. Uhasibu alichagua Baba. Nilipomaliza shule alisema hesabu haimtupi mtu, na mazungumzo yakaishia hapo. Mume wangu ni mtu mwema, sina la kumsingizia, lakini siku nilipomleta nyumbani kumtambulisha sikuwa namwangalia yeye, nilikuwa namwangalia Baba usoni. Baba alipotabasamu, ndipo nikajua kwamba nimependa. Namna ninavyosali, ninavyokunja nguo, ninavyonyamaza wakubwa wakizungumza, sioni hata kimoja ambacho naweza kusema hiki nilikitaka mimi.

Kisha ikaja video. Mdogo wangu alirekodi tukiwa kwenye sherehe ya familia, akanitumia. Nikaona kwamba kila ninapocheka, mkono wa kulia unapanda kuziba mdomo. Nilihesabu mara saba. Bibi, mama yake Baba, ndiye aliyetufunza kwamba mtoto wa kike haaniki meno. Alifariki nikiwa na miaka 12, lakini mkono bado unamtii. Nikairudisha video nyuma nihakikishe, ndipo nikamwona binti yangu. Amekaa ubavuni mwangu, anacheka, na yeye mkono mdomoni. Sikumbuki kumfundisha.

Mwenzangu mmoja wa kazini akaniunganisha na kundi la kujitambua, tunakutana kwa simu kila jioni. Mwalimu wetu husema sisi tumeamka, wengine wamelala, na kwamba tulifinyangwa tukiwa udongo mbichi, sasa chungu lazima kivunjwe. Mwanzoni nilihisi kama nimepata maji baada ya kiu ya miaka. Wiki mbili zilizopita aliniambia mbele ya wote kwamba sitajijua kamwe nikiwa bado nalala kwenye nyumba niliyochaguliwa na mtu mwingine. Watatu kati yetu wameshaondoka kwao. Nami nimeanza kutafuta chumba cha kupanga, miezi sita, peke yangu.

Nilipomgusia mume wangu alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Mwacha mila ni mtumwa." Nikamjibu mtumwa ni yeye, ambaye hajawahi kujiuliza chochote maishani. Katika miaka 17 sijawahi kumjibu hivyo. Sasa tunaongea habari za watoto tu.

Wakati huohuo Mama na wadogo zangu wameshanikalisha kwenye kiti cha Baba bila kuniuliza. Ada, matibabu, magomvi ya ndugu, yote ni "mwulizeni Dada". Na kazini wanataka jibu mwisho wa mwezi.

Watu wananiuliza, basi wewe unataka nini? Sijui. Najua nisichotaka tu. Wenzangu kwenye kundi kila mmoja ana ndoto aliyoizika, mimi nimechimba sijaona kitu. Je, nimeamka au nimechanganyikiwa? Niondoke au nibaki?

Binti wa Baba

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa msiba. Miezi minane ni juzi tu, mtu asikuambie muda umepita.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama mahali pamoja, tena si kwenye cheo wala kwenye chumba cha kupanga. Nimekwama kwenye mabano. Umesema simu ya msiba ilipokuja ulihisi wepesi, ukaandika "tuyaache hayo", ukakimbia. Naomba tusiyaache. Wanaouguza mgonjwa muda mrefu huupata wepesi huo, na wengi hawamwambii mtu yeyote. Mwili uliokesha miezi na miezi ukiambiwa kesha limekwisha, hushusha pumzi kwanza, machozi hufuata. Lakini yawezekana ulikuwepo na wepesi wa pili: wa mtu ambaye miaka yote amekuwa akipeleka ripoti mahali, na ofisi ile sasa imefungwa. Wepesi huo wote, wa kwanza na wa pili, hauondoi mapenzi yako kwa mzee. Wasiwasi wangu ni kwamba usipoupatia wepesi huo mahali pake, utajitafutia kazi wenyewe, na kazi iliyo karibu ni kuwashtaki walio hai. Na Baba huwezi kugombana naye tena. Mume yupo, amekaa hapo sebuleni.

Kwa hiyo nikikuelewa vizuri, una mambo manne ndani ya furushi moja: msiba, cheo, ndoa na kiti cha Baba. Kundi lako limelipatia furushi zima jina moja, kuamka, na dawa moja, kuondoka. Mimi ningependa tulifungue kwanza tuone ndani.

Umesema huoni kitu ambacho ulikitaka wewe. Hapo nina swali. Kitu kikitoka kwa mwingine, ndiyo kusema hakiwezi kuwa chako? Samaki mkunje angali mbichi, na hakuna kati yetu ambaye hakukunjwa. Hata lugha uliyoitumia kuyahoji malezi yako ulipewa na malezi hayohayo, kabla hujajua kukataa. Mwaka 1966 mwanasaikolojia James Marcia, akiendeleza kazi ya Erik Erikson, aliwatazama vijana kwa maswali mawili: je, huyu amewahi kutafuta, na je, ameshika msimamo? Aliwakuta walioshika msimamo bila kutafuta, waliobeba walichokabidhiwa, na naona wewe unajiweka kwenye fungu hilo. Inaweza kuwa kweli. Lakini waliotafuta kisha wakashika msimamo hawakutakiwa kushika kitu tofauti na cha wazazi wao. Ilitosha kwamba walikipima. Yaani huko kupima unakokufanya saa tisa usiku kunaweza kukufikisha mbali na nyumbani, na kunaweza kukurudisha palepale, ukaingia mara hii kwa miguu yako.

Tuichukue hiyo siku uliyomleta mwanamume nyumbani. Ulimwangalia Baba usoni, sawa. Lakini nani aliyemleta? Baba hakwenda kumtafuta. Kabla ya tabasamu lile ulikuwepo wewe, na siku zenu wenyewe ambazo Baba hakuziona, nawe hukuniandikia hata mstari mmoja juu ya siku hizo. Sikuambii kwamba zilikuwa nzuri. Nakuambia umezirukia, na mhasibu akiruka kurasa nashtuka.

Kuhusu kundi. Kiu yako ilikuwa ya kweli, na sitaki uione aibu. Ila nikusimulie jambo. Miaka ya 1950 Solomon Asch aliwakalisha watu chumbani walinganishe urefu wa mistari, kazi ambayo hata mtoto anaiweza. Wote isipokuwa mmoja walikuwa wamepangwa watoe jibu la uongo kwa sauti. Karibu theluthi moja ya majibu ya yule asiyejua mpango ilifuata uongo wa wengi, na karibu robo tatu ya waliojaribiwa waliufuata angalau mara moja. Watu hawa hawakuwa wamelala, mwanangu. Walikuwa macho kabisa, mstari wanauona. Sasa sikia hili: chumbani akiwekwa hata mmoja tu anayesema kweli, kufuata mkumbo kulipungua sana.

Nauliza basi, kwenye kundi lenu huyo mmoja ni nani? Uliambiwa mbele ya wote kwamba nyumba yako si yako, na wote walinyamaza. Jioni moja jaribu kusema, "Nimefikiri, nadhani nitabaki kwangu," hata kama hujaamua, kisha sikiliza. Wakikuuliza umefikaje hapo, una marafiki. Wakikuambia umerudi kulala, basi utazame vizuri: umeacha kumwangalia Baba usoni, sasa unamwangalia nani?

Na neno hilo "wamelala" linanisumbua kwa sababu moja zaidi. Mtu aliyelala hana la kukuambia. Ukishamweka mume wako kwenye fungu la waliolala, umebaki na mawili tu, kumwamsha au kumwacha. Kumsikiliza kumeshatoka.

Naye alikosea. Methali ile aliitumia kama fimbo, nawe ukamrudishia fimbo. Lakini mimi nimevutiwa na ule ukimya mrefu kabla yake. Alikuwa anasikia nini pale? Ulikuwa unazungumza juu yako, lakini huenda yeye alisikia kwamba miaka 17 ilikuwa kosa la hesabu linalotakiwa kufutwa. Unasema hajawahi kujiuliza chochote maishani. Umewahi kumuuliza? Sina hakika atajibu vizuri. Wapo wanaume ambao ukiwafungulia mlango huo hujibu kwa methali nyingine, na utaumia. Ila hadi sasa amesikia hitimisho lako tu, pale ngazini hajafika. Mpeleke pale. Mwambie ulitoa simu kumpigia marehemu.

Chumba cha kupanga sikikatazi. Wapo watu ambao bila umbali hawasikii sauti yao, na pangekuwa na kipigo au vitisho ningekuambia ondoka leo, chumba tutakitafuta ukiwa umeshatoka. Hilo kwenye barua yako silioni. Ninachokiona ni binti wa miaka 9 anayejifunza bila kufundishwa. Ukiondoka atajifunza kitu, na ukibaki ndani ya nyumba yenye kimya hiki atajifunza kitu vilevile, kwa hiyo usimtumie yeye kama sababu ya upande wowote. Jiulize zaidi ni kipi kinarudishika. Siku nne peke yako, mumeo akijua uko wapi na unarudi lini, zinarudishika. Miezi sita ambayo yeye ameielewa kuwa ni talaka huenda isirudishike hata ukibadili nia. Nako kwenda nusu hatua kuna hatari yake: wapo waliokaa nusu nje nusu ndani hadi nywele zikaota mvi, na mwenzao naye akazeeka akisubiri jibu.

Cheo sasa. Ukikikubali kwa mazoea, unaweza kuzama zaidi na usipate muda wa kujiuliza tena. Ukikikataa, hakikisha hukikatai kwa sababu tu Baba angekipenda, maana huko nako ni kumtii, ila kinyumenyume. Kuna pia fedha, na wewe ndiye mwenye ada za watu mezani: kipato kikubwa huweza kununua uhuru wa baadaye, huweza pia kuvuta wategemezi wengi zaidi. Njia ambayo hujaitaja ni kuomba muda, miezi miwili au mitatu, ukawaambia wazi kwamba umefiwa. Wanaweza kukataa wakampa mwingine. Utajisikiaje siku hiyo? Jibu lako la kwanza, kabla hujalipamba, liandike mahali. Na hesabu zenyewe, zile safu zinapokubali baada ya kutwa nzima ya kutokubali, zinakupa chochote? Hilo Baba asingeweza kukuhisia.

Kiti chake je? Naona hapa ndipo unapochoka zaidi na ndipo ulipoandika kidogo. Hakuna mahali ulipotia sahihi. Wadogo zako ni wanne na ni watu wazima. Waite, gawa: huyu matibabu ya Mama, yule magomvi ya ndugu. Kuna kitu kitaharibika, ada ya mtu itachelewa, na Mama anaweza kusema umebadilika. Atakuwa amesema kweli, nawe utatamani kuinuka ukarekebishe kila kitu kabla ya jioni. Hapo utaona mkono ukipanda mdomoni kwa namna nyingine.

Mkono wenyewe nao usiuonee. Donald Winnicott, daktari wa watoto wa Uingereza aliyekuwa pia mtaalamu wa nafsi, aliandika mwaka 1960 kuhusu nafsi ya kweli na nafsi ya bandia, na wengi wakalichukua neno bandia kama tusi. Yeye aliona kwamba ile ya nje ina kazi, humkinga wa ndani hadi mahali pawe salama pa kutokea. Ulikuwa mtoto, na kwa Bibi kuziba mdomo kulikuletea amani. Mkono ulifanya kazi yake. Na kwa binti yako nakuomba usianze kumwambia "toa mkono", maana utakuwa umekuwa Bibi wa upande wa pili. Huyo hasikii maelekezo, anatazama.

Uliponiambia umechimba hujaona ndoto yoyote, kusema kweli nilifurahi kidogo. Ndoto inayopatikana haraka jioni moja mbele ya kundi huwa nina shaka nayo. Arnold van Gennep, alipochunguza mwaka 1909 namna watu wanavyovushwa kutoka hali moja ya maisha kwenda nyingine, aliona hatua tatu: kutengwa na ya zamani, kukaa kizingitini, kisha kupokelewa upya. Aliye kizingitini si wa ndani wala si wa nje. Aliyekuwa binti wa mtu, na mtu huyo hayupo, atajuaje mara moja anataka nini? Anza na vidogo ambavyo hakuna wa kukupongeza wala kukukemea: upande gani wa kitanda, wimbo gani unauzima na upi unauacha uishe, njia ipi unarudi nayo nyumbani siku ambayo huna haraka. Yataonekana mambo ya kipuuzi. Usimsimulie mtu, hata kundi.

Ila hilo la kuamka saa tisa usiku lisipite hivihivi. Kama usingizi umekatika kwa zaidi ya wiki mbili, na chakula hakina ladha, na vilivyokuwa vikikufurahisha havikugusi tena, mwone daktari au mshauri wa ana kwa ana kabla ya mwisho huo wa mwezi. Msiba na sonona hufanana sana kwa mtu aliye ndani yake, na maamuzi makubwa ukiyafanya bila usingizi utakuja kuyasoma mchana kama yameandikwa na mtu mwingine. Ukijikuta unatamani usiwepo kabisa, usingoje miadi wala mwezi kuisha, mwamshe huyo aliye pembeni yako.

Umeuliza umeamka au umechanganyikiwa. Mimi sijui, na sioni kwa nini visiwe vyote viwili kwa wakati mmoja. Nina ombi moja tu. Ile video umeitazama mara nyingi ukiutafuta mkono, ukahesabu hadi saba. Itazame tena, safari hii na sauti ukiwa umeifungulia. Umenieleza yote isipokuwa hili: wewe na binti yako mlikuwa mnacheka nini? Niandikie.

Shangazi